Usilipie uziwi unaponunua gari

Mkenya anayenunua gari huwa na macho makali. Hupiga magurudumu teke, huinama kutazama kama injini inavuja mafuta, na hudai kujua gari lilitembea kilomita ngapi huko Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Lakini muuzaji mjanja anajua jinsi ya kumlainisha. Huwasha redio, akaongeza sauti, mdundo ukampiga mnunuzi kifuani, na mabishano ya bei yakapoa papo hapo. Akiambiwa kwamba mtambo huo wa muziki si wa kufungwa na fundi wa mtaani bali gari lilitoka nao kiwandani, mnunuzi huongeza pesa.

Je, pesa hizo zina faida? Kwa kawaida swali hili huulizwa mafundi na wauzaji wa magari. Naona lafaa kuulizwa daktari pia. Safari ya sauti inayotoka kwenye spika huishia ndani ya sikio la mtu aliyeketi humo garini, na sikio, tofauti na redio, halina vipuri.

Msimamo wangu ni huu. Mtambo bora uliotoka kiwandani unastahili kulipiwa ikiwa utakuwezesha kusikia vizuri zaidi kwa sauti ya chini. Ukiulipia ili usikie kwa sauti ya juu zaidi, utalipa mara mbili: kwanza utamlipa muuzaji kwa shilingi, kisha utalipa kwa masikio yako.

Unacholipia

Makampuni ya magari hutengeneza gari moja kwa madaraja kadhaa. La daraja la chini hupewa redio ya kawaida na spika chache milangoni. La daraja la juu hupewa spika nyingi zaidi, kikuza sauti cha pekee, na pengine spika kubwa ya besi huko nyuma. Mtindo huu si mpya. General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari yenye mitambo ya Bose katika modeli zake za 1983. Leo kuna Toyota zinazotoka na mitambo ya JBL na Lexus zinazotoka na mitambo ya Mark Levinson.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mtambo wa kiwandani una sifa zake. Wahandisi huupima ndani ya gari lile lile utakamofungwa. Wanajua vioo hurudisha sauti na viti huimeza, na kwamba dereva yuko karibu na spika ya mlango mmoja na mbali na ya mlango mwingine. Waya zake zina fyuzi zinazofaa, hakuna aliyekata nyaya za umeme za gari kwa kisu, na hakuna mlango uliotobolewa ukawa unaingiza maji ya mvua. Katika magari ya siku hizi kioo cha redio ndicho pia huonyesha kamera ya nyuma, kwa hivyo kukichokora ovyo ni hatari.

Sifa kubwa kuliko zote kwangu ni usafi wa sauti. Spika duni ikiongezwa sauti hukoroma, na maneno ya mtangazaji huchanganyika na mdundo. Msikilizaji anaposhindwa kuelewa, mkono wake huenda wapi? Huenda kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Spika nzuri hukupa kila neno bila kupiga kelele. Hapo ndipo mtambo bora huweza kuwa rafiki wa afya, ikiwa mwenyewe atautumia hivyo.

Tatizo ni kwamba usafi wa sauti si rahisi kuutangaza. Kinachotangazwa ni nguvu, yaani wati. Mnunuzi huambiwa huu una wati 50 na ule una wati 100, naye hudhani wa pili utasikika mara mbili ya wa kwanza. Sivyo. Ukizidisha wati maradufu sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho wengi wetu hukitambua kwa shida. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, nguvu huhitajika kuongezwa karibu mara 10.

Na hapa ndipo penye mtego. Ingawa unahisi tofauti ndogo, nishati inayoingia sikioni katika zile desibeli 3 imekuwa maradufu. Akili inakwambia umeongeza kidogo tu, ilhali sikio linabeba mzigo mara mbili.

Jinsi sikio linavyoumia

Sauti huingia kwa tundu la sikio, ikatikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa vifupa vitatu vidogo, na vifupa hivyo vikapeleka mtikisiko kwenye kiungo kilichojikunja kama kombe la konokono. Ndani yake kuna maji na seli ndogo mno zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio tunapozaliwa. Seli hizo ndizo hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo.

Ngozi ikikatika hupona na mfupa ukivunjika huunga. Seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Hakuna tembe, sindano wala upasuaji unaozirudisha. Hata kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti tu ili seli zilizosalia zifanye kazi. Bei ya kifaa hicho huanzia makumi ya maelfu ya shilingi, na wengi wa wanaokihitaji hawakimudu.

Uharibifu hutegemea mambo mawili, ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Wataalamu wa afya kazini nao hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila unapoongeza desibeli 3, muda hupunguzwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 pekee.

Sasa fikiria mkazi wa Ongata Rongai anayefanya kazi katikati ya Nairobi. Siku ya msongamano hutumia saa moja na nusu asubuhi na nyingine jioni ndani ya gari. Muziki ukiwa wa desibeli 94, amekwisha kumaliza kipimo cha siku nzima kabla ya kufika kazini. Ya jioni ni deni, na ya kesho ni deni juu ya deni.

Wengine watasema, mbona mimi husikiliza na sijawa kiziwi? Uziwi wa kelele hauji kwa kishindo. Huanza kwa sauti nyembamba, hasa zilizo karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, ambazo mtu hazihitaji sana kumsikia mwenzake mezani. Baadaye huanza kumpotea herufi kama s, f, t na sh. Anaambiwa "saa" anasikia "taa", anaambiwa "fika" anasikia "shika". Huanza kulalamika kwamba vijana wa leo wanamumunya maneno. Nyumbani mkewe hudhani amepuuzwa. Mara nyingi anayegundua ugonjwa si mgonjwa bali ni jamaa zake, na wakati huo huwa umechelewa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu fulani wa kusikia, na kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya mazoea mabaya ya kusikiliza. Simu na vipokezi vya masikioni vinalaumiwa sana, na ni haki. Lakini gari lililofungwa vioo nalo ni kama kipokezi kikubwa kilichowafunika watu watano kwa pamoja.

Kelele za gari lenyewe

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Gari dogo likienda kasi kwenye barabara kuu huwa na kelele ya takriban desibeli 70 ndani yake, inayotokana na magurudumu, upepo na injini. Ili ufurahie muziki au uielewe taarifa ya habari, ni lazima sauti ya redio ipite kelele hiyo, tuseme kwa desibeli 10 au 15. Hapo umeshafika kwenye mpaka, nawe hujaanza hata kucheza muziki kwa fujo.

Kwa hivyo njia mojawapo ya kupata redio nzuri ni kuwa na gari kimya. Mpira wa mlango uliochakaa na kupitisha upepo, magurudumu yaliyolika upande mmoja, bomba la moshi lililotoboka: haya yote humlazimisha dereva kuongeza sauti. Mwenye gari la miaka kadhaa anayefikiria kutumia pesa zake kununua spika angefanya vyema kwanza kurekebisha mambo hayo. Atasikia redio aliyo nayo vizuri zaidi, na akiba ya magurudumu mazuri itamwokoa siku ya mvua.

Jaribu jambo hili. Jioni ukirudi nyumbani kwa barabara kuu, zima gari bila kugusa kitufe cha sauti. Asubuhi washa gari likiwa limesimama uani. Wengi hushtuka kwa kishindo cha redio na kuwahi kuipunguza. Sauti ni ile ile ya jana. Jana ilifichwa na kelele za safari, na huenda pia masikio yalikuwa yamechoka yakawa hayaihisi. Kushtuka kwako asubuhi ndicho kipimo cha kweli cha ulichokuwa ukikifanya jioni.

Mitambo ya Japani na mawimbi ya Kenya

Magari mengi ya watu binafsi hapa nchini huja yakiwa yametumika Japani, na sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Mnunuzi wa gari la namna hiyo ana sababu zaidi ya kufikiri kabla ya kulipia redio ya daraja la juu.

Redio za FM za Japani huanzia 76, na nyingi huishia 90 au 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Maana yake ni kwamba mtambo wa kifahari wenye spika 10 unaweza kufika Nairobi ukiwa hauwezi kushika stesheni nyingi unazozipenda. Fundi hukufungia kifaa kidogo cha kushusha mawimbi, na tangu hapo stesheni ya 100 unaitafuta kwenye 84. Kifaa hicho kikiwa duni huleta mikwaruzo, nawe unaongeza sauti ili uishinde mikwaruzo. Maandishi kwenye kioo ni ya Kijapani na ramani ni ya Japani. Kuna mitambo ambayo betri ikitolewa hujifunga na kudai kadi ya ramani au nambari ya siri ambayo aliyekuuzia hanayo.

Mtu anayecheza muziki wake kutoka kwenye simu hatasumbuliwa sana na haya. Lakini yule ambaye garini husikiliza taarifa ya habari na mpira pekee amelipia spika ambazo redio yenyewe haiwezi kuzilisha. Huyo afadhali achukue gari la daraja la kawaida lililotunzwa vizuri.

Matatu ni mahali pa kazi

Siwezi kuzungumzia redio za magari nchini Kenya nikazipita matatu. Mabasi madogo ya jijini hujengwa juu ya chasisi ya lori katika karakana zetu wenyewe, kwa hivyo mtambo wa muziki wa matatu huwekwa tangu gari linapoundwa. Mwenye gari huuona kama mtaji. Husema vijana hawapandi gari kimya, na kwamba pesa alizotia kwenye spika zitarudi kwa nauli.

Kama ni hesabu ya biashara, yeye ndiye anayeijua. Mimi nina hesabu nyingine. Abiria hukaa humo kwa safari moja na kushuka. Mwanafunzi hukaa mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, na masikio yake yanahitaji kipimo kidogo kuliko cha mtu mzima. Dereva na utingo hukaa humo tangu alfajiri hadi usiku. Hakuna kipimo kinachoruhusu saa 12 za desibeli 95. Kijana anayeanza kazi ya utingo akiwa na umri wa miaka 20 anaweza kufika 35 akiwa na masikio ya mzee, na hakuna atakayemlipa fidia.

Sheria za kumlinda mfanyakazi tunazo. Kanuni za 2005 za kuzuia kelele viwandani na mahali pengine pa kazi husema mfanyakazi asikabiliwe na kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku. Kanuni za 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira, nazo zinasimamiwa na NEMA. Lakini tunapotaja kelele za kazini fikira zetu huenda kwenye viwanda vya chuma na machimbo ya mawe. Matatu nayo ni mahali pa kazi. Chama cha akiba na mikopo kinachosimamia magari ya njia fulani kingeweza kuamua, bila kungoja polisi, sauti isipite kiwango gani, na kuwapeleka madereva na utingo wake kupimwa masikio mara moja kwa mwaka.

Usalama barabarani nao usisahaulike. Dereva aliyezama katika mdundo huchelewa kusikia king'ora cha ambulansi, honi ya lori lililokatika breki, au treni inayokaribia makutano ya reli. Hawezi hata kusikia gurudumu lake mwenyewe likianza kulia.

Dalili za kutopuuza

Ukishuka garini masikio yakiwa kama yamezibwa pamba, au yakilia nyiii kama mbu usiku, usijifariji kwamba yataacha. Kweli mara nyingi huacha baada ya saa kadhaa au siku moja, lakini hiyo ni ilani kwamba seli zimechoka. Zikichokeshwa kila siku zitakufa. Mlio usiokoma, kusikia kwa sikio moja kuliko jingine, au kushindwa kufuata mazungumzo palipo na watu wengi ni sababu ya kumwona daktari. Uwezo wa kusikia ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje wiki iishe, kwa maana matibabu yakicheleweshwa faida yake hupungua.

Usijitibu kwa kuingiza kijiti cha pamba, ufunguo wala unyoya wa kuku. Huenda ni nta tu imeziba, na kuisukuma ndani ni kuongeza tatizo. Aliyewahi kutibiwa kwa sindano za gentamycin kwa muda mrefu awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kudhuru seli zile zile.

Kabla ya kulipa

Ukienda kulitazama gari, usimruhusu muuzaji akuchagulie wimbo wala sauti. Anza na mtangazaji anayezungumza, si muziki. Weka sauti ya chini kisha usikilize kama maneno yanaeleweka ukiwa kiti cha mbele na ukiwa kiti cha nyuma. Funga vioo, endesha gari barabarani, usikilize tena. Kama bado unaelewa bila kuongeza sana, huo ni mtambo mzuri na gari nalo ni kimya.

Kipimo rahisi hakihitaji mashine. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja kutoka kwako analazimika kupaza sauti ndipo umsikie, sauti hiyo imefika karibu na desibeli 85. Unaweza pia kutumia programu ya simu ya kupimia desibeli. Haina uhakika wa chombo cha maabara, lakini ikikuonyesha 95 usibishane nayo. Mitambo mingi ya kisasa pia hukuwezesha kuweka kikomo cha sauti. Kiweke siku ya kwanza, hasa kama kijana wako huazima gari. Na kama una mtoto mchanga, angalia kiti chake kisiwe ubavuni mwa spika.

Nikiulizwa basi kama mtambo wa daraja la juu kutoka kiwandani unafaa, nitajibu hivi. Kwa dereva anayesafiri mbali kila siku, anayenunua gari jipya au lililo karibu na upya, na anayetaka kusikia bila kupigiwa kelele, unafaa, mradi bei yake isile pesa za magurudumu, breki na bima. Kwa anayenunua gari la zamani, haufai; atengeneze milango na magurudumu kwanza. Na kwa anayelipia mdundo ili mtaa mzima ujue amefika, haufai kwa bei yoyote, hata akipewa bure.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La kwako bado linasikia. Leo ukiingia garini, shusha sauti hatua mbili kabla ya kuondoka.